Pembe Yenye Mkia katika Chumba cha Mnara

Hotelini walimwita Darubini, na kila aliyemwita hivyo alihakikisha kwanza kwamba mwenyewe yuko ghorofa nyingine. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda, kufuta vumbi na kubadilisha taulo, lakini ukimsikiliza utadhani aliajiriwa na polisi. Mgeni akiacha viatu pea mbili, Darubini alitaka kujua ile ya pili ni ya nani. Mgeni akiacha bakshishi nono chini ya mto, alitaka kujua ananyamazishwa nani. "Mtu hatoi hela bure," aliwaambia wenzake, huku akizitia mfukoni.

Msimcheke mapema. Wako watu waliozaliwa na sauti ya kuimba, wako waliozaliwa na mkono wa kupika, na yeye alizaliwa na shaka. Alipokuwa msichana alimuuliza mchumba wake, ambaye sasa ni mumewe, kwa nini amempenda yeye na si dada yake. Mchumba akajibu, kwa uaminifu wa kijinga walio nao wanaume wapole, kwamba yeye ndiye aliyekuja dukani siku ile. Jibu hilo Darubini analichunguza hadi leo.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa nne, katika mji ambao bahari wanaijua kwa kuiona kwenye kalenda. Ndiyo maana watu walishangaa meneja alipotangaza kwamba chumba kikubwa cha juu kitageuzwa mnara wa taa. Kulikuwa na filamu moja maarufu, ya mlinzi wa mnara na mwimbaji, ambayo kila mtu aliyewahi kupenda au kutamani kupendwa ameshaitazama, na wote hulia palepale. Mlinzi anawasha taa kila jioni ili meli zisigonge mwamba. Mwimbaji anapita na meli, anaiona taa, anaanza kumwimbia mtu asiyemjua, mpaka mwaka mmoja anashuka na kuzipanda ngazi zote za mnara akiwa na mwavuli wake mwekundu. Meneja aliilia filamu hiyo kama wengine, kisha akapangusa machozi na kupiga hesabu.

Basi kuta zikapindwa kwa jasi ziwe za mviringo. Ngazi za mbao zikajengwa, zikapanda hadi kwenye mlango uliochorwa ukutani. Taa ikawekwa darini, ikizunguka polepole na kupitisha mwanga wake kitandani kama askari wa doria. Nyuma ya pazia kulikuwa na spika iliyotoa sauti ya mawimbi, na ukutani ukatundikwa mwavuli mwekundu, wa nne huo, kwa sababu mitatu ya kwanza iliondoka na wageni. Kochi la dirishani lilipochanika, aliyeitwa kulishona upya alikuwa mumewe Darubini, fundi makochi, mtu wa maneno machache na uzi mwingi. Alifanya kazi siku nzima mle ndani, akarudi nyumbani akasema kile chumba ni kizuri sana, mtu akilala mle hawezi kumkasirikia mwenzake.

Darubini alilisikia hilo neno, akaliweka akiba.

Yeye filamu aliitazama mara moja tu, kwenye sebule yake, pembeni ya mumewe aliyekuwa akifuta macho kwa mkono wa shati. Alitaka kujua mwimbaji kapata wapi nauli. Halafu akasema mwanamke anayepanda ngazi zote zile kwa viatu vile lazima ana jambo lake. Mumewe akamwomba anyamaze, na kwa mtu mpole kama yule, kuomba hivyo kulikuwa sawa na kupiga meza.

Wageni wa chumba cha mnara aliwahukumu kabla hawajafika. Mume na mke wa kweli, alisema, hawalipii mawimbi; wana mawimbi yao nyumbani, ya ada na ya mkaa. Kila alipotandika kitanda kile alikisemesha: "Haya, njooni, wezi wa waume za watu. Njooni mlale, shuka safi hizi." Wenzake walisimama mlangoni kumsikiliza na kushikilia mbavu.

Sasa kuna jambo la pembe za shuka, na bila kulieleza hili mengine hayataeleweka. Hotelini pembe hukunjwa mshazari, bapa, zote sawa. Darubini alikuwa na pembe yake nyingine, aliyoivumbua nyumbani miaka ya mwanzo ya ndoa, walipokuwa na shuka kubwa na godoro dogo. Unakunja kama kawaida, halafu ile ncha inayobaki unaisokota mara moja na kuichomeka kwa kuirudisha nyuma, ikabaki imetokeza kidogo kama mkia wa panya. Mtoto arushe mateke mpaka kuche, shuka haichomoki. Aliwahi kuijaribu hotelini. Msimamizi wa vyumba akaja, akainua mtandiko, akauliza ni panya gani amefia humu. Tangu siku hiyo ule mkia ulibaki nyumbani kwa Darubini, na nyumbani ukawa sheria: wa mwisho kuamka ndiye anayetandika, na anatandika hivyo. Kwa kuwa yeye aliamka wa kwanza daima, mtandikaji alikuwa mumewe.

Nyumba yenyewe siku hizi ilikuwa ya watu wawili. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike waliyemwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, naye alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Mama na mtoto hawakuwa wakizungumza. Kidoti alikuwa amempata mchumba, mwalimu wa udereva, na mama mtu alitaka kujua ni kazi gani hiyo ya kukaa ubavuni kwa wake za watu. Hakuishia kuuliza. Alisafiri mpaka mji ule, akajiandikisha kwa jina la kubuni kama mwanafunzi, akakaa nyuma ya usukani akimwekea mtego yule kijana kwa maswali na tabasamu ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka mingi. Kijana akamfundisha kurudi kinyumenyume, akamwita "mama", akamfungulia mlango. Darubini akashuka na hukumu yake: mtu mpole kiasi kile anaficha kitu.

Wiki chache baadaye kijana alikuja nyumbani na wazee wake kujitambulisha. Alipoingia sebuleni akamwona mwanafunzi wake amekaa pale kama mama mkwe. Kijana wa watu alimwamkia kwa adabu, lakini Kidoti alimwona mchumba wake alivyobadilika uso, akamtazama mama yake, akaelewa yote. Aliondoka siku ileile. Tangu hapo simu za mama zilikuwa zinaita mpaka zinakatika zenyewe. Mama naye, badala ya kuomba radhi, alisubiri ithibitike kwamba alikuwa na haki.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyumbani asubuhi ile Darubini aliposukuma toroli lake hadi mlango wa chumba cha mnara. Mumewe hakuwapo tangu jana. Alikuwa ameaga kwamba anapeleka makochi kwa mteja mji wa jirani na atalala huko kwa kaka yake. Wageni wa mnara walikuwa wameshaondoka. Akabisha kwa desturi, akafungua, na cha kwanza alichokiona kilimsimamisha: kitanda kimetandikwa.

Jamani, mgeni wa hoteli hatandiki kitanda. Hata padri hatandiki. Mtu anayelipia chumba anaacha shuka kama uwanja wa mieleka, kwa sababu ndicho alicholipia. Darubini akaangalia huku na huku. Glasi zimeoshwa, zimepinduliwa juu ya kitambaa. Taulo zimekunjwa. Ndani ya sinki hakuna hata unywele. Yeyote aliyelala humu alikuwa amefuta nyayo zake, na Darubini alijua vizuri kwamba asiye na la kuficha hafuti.

Akaenda kitandani, akainua mtandiko. Mkia.

Akazunguka upande wa pili. Mkia. Akainama kwenye pembe za miguuni, huku na kule, na zote zilikuwa na mkia, zimesokotwa mara moja, zimerudishwa nyuma, zimekaza. Alikaa kwenye zile ngazi zisizokwenda popote, taa ikimpitia usoni na kuondoka na kurudi, na spika ikiendelea kumletea bahari asiyoihitaji. Duniani kote walioijua pembe ile, kwa hesabu yake ya haraka, walikuwa wawili. Mmoja ni yeye. Mwingine alikuwa amemuaga jana akiwa amevaa koti la kahawia, na viatu vyake vimepigwa rangi, kwa ajili ya makochi.

Mtu mwingine angejipa moyo kwanza. Angesema labda, pengine, haiwezekani. Darubini alikuwa amejiandaa kwa siku hii tangu akiwa msichana dukani, na ilipofika aliipokea kama barua iliyochelewa. Kilichomshangaza ni kwamba iliuma. Alidhani mtu aliyeshuku maisha yote angekuwa ameshaumia kidogokidogo na kumaliza.

Akashuka mapokezi. Dada aliyekuwa pale alikuwa mpya, hajamaliza hata mwezi, hakumjua mume wa mtu wala mtoto wa mtu.

"Mwanangu, chumba cha mnara walilala akina nani?"

"Mama, si unajua hatusemi majina ya wageni."

"Jina la nini? Wa chumba kile wote wanaitwa Fulani na Mkewe. Mimi nieleze sura tu, kuna kitu kimesahaulika nataka niwarudishie."

Dada wa mapokezi akaangalia mlango wa meneja, akasogea. "Aliyekuja kulipia ni mzee mmoja. Alikuja mchana. Mpole huyo, koti la kahawia, na vipande vya uzi vimemganda mkononi. Akauliza kama yale mawimbi yanaweza kupunguzwa sauti."

"Anajua mawimbi yako wapi."

"Eti?"

"Endelea."

"Akaniomba nisimwambie mtu, hasa nyinyi wahudumu wa vyumba." Hapo dada akajishika mdomo. "Mama, usinichongee."

"Sikuchongei. Na mwanamke?"

"Nilimwona jioni natoka zamu, ndiyo anaingia. Kajifunga mtandio mpaka puani, kama mtu anayeogopa kujulikana. Sura sikuiona. Ila kwa mwendo wake, bado msichana kabisa."

Darubini akashukuru. Hakuuliza zaidi, maana alikuwa ameshapata alichokitaka, na mtu akipata anachokitaka huacha kuuliza hata kama ndipo angeanza kujua.

Chumba cha dobi kilikuwa chini kabisa, na humo alikuwamo Mama Pasi, mpiga pasi wa hoteli, rafiki yake wa pekee kwa sababu hakusikia vizuri na hivyo hakuchoka. Darubini akamsimulia yote, kwa sauti ya juu, katikati ya mvuke.

"Ulimwona kwa macho?" Mama Pasi akauliza.

"Nimeuona mkia."

"Mkia wa nani?"

"Wa shuka. Dalili ya mvua ni mawingu, mwenzangu. Koti lake, uzi wake, uongo wake, pembe yangu. Nisubiri nini, wanialike?"

Mama Pasi aliikunja shuka moja yote. Kisha akasema, "Na kama si yeye?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nimeuliza kama si yeye. Maana yule kijana wa udereva pia ulikuwa na ushahidi."

Darubini akaondoka bila kuaga. Huyu naye, akawaza, ametumwa na nani?

Alifika nyumbani mapema. Akateremsha begi la safari kutoka juu ya kabati, akapanga humo nguo za mumewe, na alizipanga vizuri kwa kuwa hakujua kuzipanga vibaya. Mikono ilijua kazi yake. Machozi nayo yalikuja yenyewe, na alipoyaona yamedondokea kwenye kola ya shati akaligeuza shati ili lisionekane. Alikuwa anampenda yule mzee. Hilo hakuwahi kumweleza waziwazi, akihofia angelitumia vibaya. Sasa alikuwa anaenda kumfukuza, na akishamfukuza, nyumba ingebaki na yeye na macho yake. Alilijua hilo vizuri kabisa, na bado akaifunga zipu.

Mumewe aliingia jua likiwa bado juu, anaimbaimba chini kwa chini. Yeye asiyeimba. Macho mekundu, uso umelainika. Darubini akampokea koti kama mke mwema na kulipitisha puani: manukato, begani, pale hasa mwanamke anapoegemeza kichwa.

"Makochi yamefika?"

"Yamefika."

"Ya rangi gani vile?"

"Ee... kijani."

"Jana yalikuwa bluu."

"Bluu inayoelekea kijani," akasema fundi makochi, na kuinama kufungua viatu.

Darubini akavuta pumzi. Angeweza kumpigia kelele pale pale, lakini alitaka kwanza aione kwa macho yake, ili baadaye mtu asije akamwambia aliota. Akaenda chumbani, akavua shuka zote kitandani, akarudi mlangoni.

"Baba Kidoti, njoo utandike."

"Saa hizi? Si kimetandikwa?"

"Nimevua. Tandika."

Miaka waliyoishi pamoja ilikuwa imemfundisha mzee kwamba baadhi ya maswali hugharimu kuliko kazi yenyewe. Akaingia, akatandaza shuka, akaizungusha vizuri, akakunja pembe, akasokota, akachomeka. Akahamia ya pili. Mkewe akasimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Mzee alipomaliza ya nne Darubini akainama kutazama, akiwa na neno lake tayari ulimini.

Mikia ilielekea kichwani.

Mumewe ni mtu wa mkono wa shoto. Anasokota kwa shoto, basi ncha yake inageukia upande mwingine. Mikia ya mnara ilielekea miguuni, kama ya kwake mwenyewe Darubini. Ameiona kazi ya mumewe kila siku ya ndoa yao, na leo ndiyo kwanza anaitazama. Kwa hiyo kitanda cha mnara hakukitandika yeye. Alikitandika mwenzake. Yule msichana wa mtandio.

Hapo mtu mwenye akili nyingine angekaa chini afikiri. Darubini alipandwa na hasira mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Kuibiwa mume ni jambo moja, linatokea, wanawake wengi wameibiwa na wanaendelea kupika. Lakini huyu mzee alikuwa amechukua pembe yake, kitu alichokivumbua kwa mikono yake kwenye umaskini wao, akaenda kumfundisha mwanamke mwingine hotelini, kazini kwake, kwenye chumba anachokisafisha yeye.

"Umemfundisha," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Nimemfundisha nani?"

"Usiniulize mimi! Nimeingia mnarani leo. Nimeona pembe. Nimeambiwa koti, nimeambiwa uzi, nimeambiwa ulivyoomba wahudumu wasijue. Begi lako liko nyuma ya mlango. Nenda kwake. Lakini niambie kitu kimoja tu, ili nikilala nijue: ulimfundishaje pembe yangu? Ulisimama naye kitandani, ukamshika mkono?"

Mzee alibaki ameshika foronya. Alilitazama begi, akamtazama mkewe, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa ameambiwa autue pasipofaa.

"Mimi sikumfundisha," akasema. "Ulimfundisha wewe. Alikuwa anasimama juu ya kigoda ili afike."

Darubini hakuelewa mara moja. Alipoelewa alitafuta ukingo wa kitanda kwa mkono, akakaa.

"Kidoti," akasema.

"Wamefunga ndoa jana asubuhi, kwa msajili. Yeye na mwalimu wake wa udereva. Mimi ndiye niliyesimama upande wa wazazi." Mzee akaiweka foronya kando, akaikunjua, akaikunja tena. "Aliniomba nisikwambie mpaka wawe wameshasafiri. Alisema mama akijua atakuja kuwahoji mashahidi. Leo nimewasindikiza kituoni, nikazunguka mjini huko natafuta maneno ya kukwambia. Sikuyapata. Nikaja nayo hayo ya makochi."

"Na chumba?"

"Zawadi yangu. Nilimwambia achague hoteli yoyote, akachagua ile. Nikamwambia, mwanangu, si ndiko anakofanya kazi mama yako? Akasema ndiyo sababu. Akasema, 'Baba, harusini hatakuwepo, basi angalau kitanda changu nitandikiwe na mama. Hata kama hajui.'"

Darubini akayakumbuka aliyoyasema jana akitandika kitanda kile. Hakuna aliyemkumbusha, yalimjia neno kwa neno, na wenzake wakicheka mlangoni. Akajifunika uso kwa viganja.

"Leo asubuhi amechelewa kushuka," mzee akaendelea, kwa kuwa akishaanza kusema hakujua pa kuishia. "Mumewe ananiambia alikuwa anatandika. Kasema hawezi kumwachia mama yake shuka zake akaja kuzikunja. Ataona haya. Kaosha mpaka glasi. Nadhani mikono ilijiendea tu kwenye ile pembe. Hakukusudia."

Nje kulikuwa na mtu anapigilia misumari, anapumzika, anapigilia. Mzee akaenda nyuma ya mlango, akalichukua lile begi, akaanza kurudisha mashati kabatini moja moja, bila lawama, na upole ule ambao mkewe alikuwa ameushuku maisha yote ukamuuma kuliko kama angempiga kofi.

"Nipe simu yako," Darubini akasema. "Yangu hapokei."

Ikaita mara chache tu. "Haloo, Baba?" Sauti ilikuwa na furaha, na nyuma yake mngurumo wa gari.

"Si Baba. Ni mimi."

Furaha ikaondoka, mngurumo ukabaki.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu. Nimeona kitanda."

"Umeona kitanda." Kidoti alilisema polepole, kama anayesoma kitu asichokiamini. "Kwa hiyo ulitufuata mpaka hotelini."

"Ndiko ninakofanya kazi, Kidoti. Niliingia kusafisha."

"Ulikuwa wapi jana? Mapokezi? Nyuma ya pazia? Ulituona tunaingia?"

"Sikuwaona. Naapa. Natamani ningewaona."

"Basi umempigia nani? Umemuuliza nani habari za mume wangu safari hii?"

"Hakuna. Nimepiga kuwatakia heri. Wewe na mumeo." Neno hilo la mwisho lilikuwa gumu, lakini alilitoa zima. "Na kuomba radhi. Kwa lile somo la gari na kwa yote."

Darubini akasikia kama kijana anauliza kitu, na binti yake anamjibu huku ameiziba simu kwa mkono. Kisha Kidoti akarudi, na sauti yake ilikuwa ya uangalifu, ya mtu anayepapasa ukuta gizani, na Darubini aliitambua kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.

"Unataka nini, Mama?"

"Sitaki kitu."

"Mpe Baba simu."

Akampa. Akabaki amekaa juu ya shuka zilizotandikwa upya, mikono mapajani, akimsikiliza mzee. "Ndiyo, mwanangu, nipo... Hapana, hakuwafuata... Hapana, kumbe ni pembe tu, ameona pembe... Hajaniambia niseme hivi. Niko peke yangu, ninasema kwa hiari yangu." Mzee akageukia dirishani, akashusha sauti, akaanza upya tangu mwanzo, akimwapia mtoto wao kwamba mama yake leo alikuwa anasema kweli.